Leseni ya kulipa mara moja au usajili wa kila mwaka: programu ipi ikutunzie nywila?

Ukianza kutafuta programu ya kutunza nywila utakutana na wauzaji wa aina mbili. Mmoja anasema lipa leo, mara moja, programu ni yako. Mwingine anasema lipa kidogo kidogo kila mwezi au kila mwaka, na ukiacha kulipa tutaonana. Wengi hukimbilia kikokotoo: dola 100 gawanya kwa dola 24, miaka minne na kitu, basi leseni imeshinda. Hesabu hiyo haina kosa, ila haijagusa jambo kubwa. Siku malipo yakikwama, au siku kampuni ikibadili mpango wake wa biashara, sefu yenye nywila zako itakuwa wapi, na nani ataweza kuifungua? Ukishapata jibu la hapo, bei inakuwa rahisi kuamua.

Unacholipia hasa

Kufuli ni lilelile pande zote mbili. Programu yoyote nzuri ya aina hii huchukua nywila kuu yako, ikaipitisha kwenye hesabu nzito inayorudiwa mara nyingi (kama PBKDF2 au Argon2), kisha ufunguo unaopatikana ndio unaofunga faili kwa AES-256 au usimbaji fiche wa kiwango hicho. 1Password, Bitwarden, Enpass, KeePass, zote ziko hivyo. Hakuna anayekupa kufuli dhaifu kwa sababu umelipa kidogo au hujalipa kabisa.

Tofauti iko nje ya kufuli: faili linakaa wapi, na nani analihudumia. Kwenye usajili wa kawaida faili linakaa kwenye seva za kampuni, na kilichopo kwenye simu yako ni nakala. Ukibadili nywila ya benki kwenye kompyuta ya ofisini, simu inajua papo hapo. Kwenye leseni ya kulipa mara moja, kwa kawaida faili linakaa kwako, na kazi ya kulifikisha kwenye vifaa vingine ni yako. Enpass, iliyotengenezwa na kampuni ya Sinew ya India, ni mfano mzuri: yenyewe haiweki nywila zako kwenye seva zake, inakuomba uchague Google Drive, OneDrive, Dropbox au iCloud yako, ndiyo ilandanishe humo.

Kwa hiyo anayenunua leseni ananunua kufuli. Anayelipa usajili analipia ghala na fundi. Ukilinganisha bei bila kuona hilo, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Kilichowapata wanunuzi wa 1Password

Kwa nini leseni zimepungua sokoni? Tazama 1Password. Kampuni yake, AgileBits ya Kanada, ilianza mwaka 2005, na kwa miaka mingi iliuza programu kwa mtindo uliozoeleka: unalipa, unapakua, toleo kubwa jipya likitoka unaamua kama utalilipia au utabaki na lako. Toleo la 7, la mwaka 2018, lilikuwa bado na leseni ya dola 64.99 kwa aliyeitaka, ingawa tayari usajili ndio uliokuwa ukipigiwa debe. Mwaka 2019 kampuni ikapokea mtaji wa nje kwa mara ya kwanza, dola milioni 200, kampuni ya uwekezaji ya Accel ikiwa mbele. Toleo la 8 lilipokuja, kwenye Windows mwishoni mwa 2021 na kwenye Mac Mei 2022, leseni haikuwepo tena, na sefu za kukaa kwenye kompyuta yako peke yake zikaondolewa pamoja nayo. Ama uingie kwenye usajili na seva zao, ama ubaki na la 7.

Waliobaki na la 7 hawakufungiwa mlango. Programu waliyoilipia iliendelea kufunguka. Lakini programu ya nywila haijitegemei. Inaishi ndani ya kivinjari na ndani ya mfumo wa simu, na hivyo viwili havimsubiri mtu. Mwaka 2024 Chrome ilianza kuzima viendelezi (vijiprogramu vinavyoongezwa kwenye kivinjari) vya mfumo wa zamani wa Manifest V2, na kiendelezi ambacho mwenyewe hakukiandika upya kikanyamaza. Android ikibadili namna programu zinavyoruhusiwa kujaza nywila, lazima mtu akae chini aandike msimbo. Pasikii zimekuja juzi tu, zile funguo za kuingilia kwenye akaunti kwa alama ya kidole badala ya nywila, na programu iliyoachwa kabla hazijaenea haitazijua kamwe.

Hapo wenye usajili wana hoja, na ni hoja ya kweli. Kazi hiyo ya kukimbizana na Google, Apple na Microsoft haina mwisho, na inahitaji mtu anayelipwa mshahara. Leseni iliyouzwa mwaka 2018 haimlipi mtu mwaka huu. Programu ya kuhariri picha ikizeeka unaweza kuivumilia miaka kumi. Programu ya nywila ikizeeka kwanza inaacha kujaza yenyewe, unaanza kunakili na kubandika kwa mkono, na siku moja unabandika nywila ya benki kwenye ukurasa wa bandia, ukurasa ambao kiendelezi chenye uhai kingekataa kuujaza kwa sababu anwani yake si ile kilichoihifadhi.

Ndiyo maana masharti ya leseni ya kudumu yasomwe kabla ya kutoa hela. Tafuta mahali panaposema unapata masasisho ya toleo ulilonunua tu, au ya matoleo yote yajayo, au ya muda bidhaa itakapokuwa sokoni. Ni ahadi tatu tofauti na kwenye tangazo zote zinaandikwa kwa maandishi makubwa yaleyale. Na ukikuta leseni ya maisha imeshushwa bei mpaka inakaribiana na usajili wa mwaka mmoja, jiulize kampuni hiyo itamlipa nani baada ya miaka mitatu. Mimi ofa za namna hiyo huzipita.

Hela, na safari yake kutoka kwenye shilingi

| | Leseni ya mara moja | Usajili |
|---|---|---|
| Mfano | Enpass ya kudumu, karibu dola 100 | 1Password, kwa miaka mingi dola 35.88 kwa mwaka. Bitwarden Premium, kwa miaka mingi dola 10 kwa mwaka |
| Gharama ya miaka 5 kwa bei hizo | karibu 100 | 179.40, 50 |
| Faili linakaa | kwenye kifaa chako na wingu unalolichagua | kwenye seva za kampuni, na nakala kwenye vifaa |
| Malipo yakikatika | hakuna cha kukatika | 1Password: unasoma na kuhamisha tu, Bitwarden: unarudi kwenye mpango wa bure |
| Kugawana na wenzako | kwa kujipangia | imeshapangwa |

Ukiitazama safu ya kati na ya kulia utaona kwamba si kila usajili ni ghali kuliko leseni. Kwa bei hiyo ya zamani, Bitwarden ya dola 10 ilihitaji miaka kumi ifikie bei ya Enpass. Nimeandika "kwa miaka mingi" kwa makusudi, maana bei ya usajili haijafungwa na chochote. Kampuni inaweza kuipandisha kwa barua pepe moja, na kabla ya kuingiza kadi utazame bei ya siku hiyo. Aliyenunua leseni ameshafunga bei yake.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo mlinganisho ulioandikwa Marekani hautakutajia. Bei ni ya dola na mshahara ni wa shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja Kenya ilikuwa karibu shilingi 113; Januari 2024 ikapita 160; baadaye ikashuka hadi karibu 129. Usajili uleule wa dola 35.88, ambao kampuni haikuugusa, ulitoka takriban shilingi 4,050 ukafika zaidi ya 5,700 kabla ya kurudi karibu 4,600. Tanzania dola ilikuwa karibu shilingi 2,300 mwaka 2022 na ilifika karibu 2,700 mwaka 2024, yaani usajili huohuo ulitoka takriban 82,500 hadi karibu 97,000. Juu ya hapo huenda ukakutana na VAT ya huduma za kidijitali na makato ya benki ya kubadili fedha. Leseni unaikabili dola mara moja tu. Usajili unaikabili kila mwaka, iwe imepanda au imeshuka.

Halafu kadi. Wengi wetu hulipia vitu hivi kwa kadi pepe ya M-Pesa au Airtel Money, au kwa kadi ya benki ambayo huwa tunaizima kwa ajili ya usalama na kuiwasha siku ya kununua. Tabia hiyo ni nzuri na usajili hauipendi. Mwaka unapogeuka, kampuni inajaribu kukata saa nane ya usiku. Kadi imezimwa, au salio limeishia kwenye luku. Asubuhi unakuta barua pepe inayosema malipo hayakufanikiwa, katikati ya barua za matangazo. Hujaiona. Wanajaribu tena mara kadhaa, kisha akaunti inaganda. Na wewe unagundua siku unapotaka kuhifadhi nywila mpya ukiwa kwenye foleni ya benki.

Kuganda kwenyewe si kifo. 1Password ikigandisha akaunti bado unaona vilivyomo na unaweza kuvihamisha, huwezi tu kuongeza wala kuhariri. Bitwarden inakurudisha kwenye mpango wa bure, nywila zinabaki na zinaendelea kufanya kazi, unakosa vitu vya ziada kama viambatisho na misimbo ya uthibitishaji. Kabla ya kulipia usajili wowote tafuta jibu la swali hilo moja kwenye kurasa zao za msaada. Kampuni isiyolieleza waziwazi usiipe kadi yako.

Sefu za watu wote mahali pamoja

Usajili una hatari moja ambayo faili la nyumbani halina: mwizi anajua pa kwenda. LastPass, huduma nyingine ya nywila ya usajili, ndiyo iliyolipia somo hili kwa niaba ya wengine.

Agosti 2022 ilitangaza kwamba kuna mtu ameingia kwenye mazingira yake ya kuandikia programu na kuondoka na sehemu ya msimbo chanzo. Sefu za wateja, ilisema, hazijaguswa. Desemba ya mwaka huohuo, na tena mapema 2023, ikabidi isimulie mengine. Alichokiiba mara ya kwanza kilimsaidia kumlenga mhandisi mmoja, kati ya wanne tu waliokuwa na funguo za hifadhi ya nakala rudufu. Hakumfuata ofisini. Alipita kwenye kompyuta ya nyumbani ya mhandisi huyo, kupitia programu ya kuchezea filamu na muziki iliyokuwa na tundu, akapandikiza kinasa vibonye, akangoja nywila kuu iandikwe. Kisha nakala za sefu za wateja zikaondoka.

Zilikuwa zimefungwa, ndiyo. Lakini anwani za tovuti zilizohifadhiwa ndani hazikuwa zimesimbwa, kwa hiyo aliyekuwa nazo aliweza kusoma nani ana akaunti kwenye benki gani na nani ananunua sarafu za kidijitali, akachagua wa kuanza naye. Na kuna wateja wa zamani ambao akaunti zao zilikuwa zimebaki na mizunguko 5,000 ya PBKDF2, au hata pungufu, wakati akaunti mpya zilikuwa na 100,100. Hawa ni watu waliokuwa wakilipa kila mwaka kwa imani kwamba fundi yuko kazini. Kubadili nywila kuu baada ya habari hakukusaidia kitu kwa nakala iliyokwisha kuibwa. Inafunguka kwa nywila ya zamani. Dawa ilikuwa kubadili nywila za akaunti zote zilizomo, moja baada ya nyingine.

Je, basi faili likae nyumbani? Lina hatari zake, na kwa maisha yetu nadhani ziko karibu zaidi kuliko mdukuzi wa mbali. Simu inaporwa dirishani kwenye foleni ya magari. Diski ya kompyuta kuukuu inakufa bila kuaga. Faili lililokuwa sehemu moja tu linapotea pamoja navyo. Wala programu za nyumbani hazikosi matundu: mwaka 2023 iligundulika kwamba KeePass ya Windows ilikuwa ikiacha mabaki ya nywila kuu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na toleo la 2.54 likaziba. Tofauti ni kwamba tundu la KeePass linamtaka mwizi aifikie kompyuta yako wewe, na tundu la kampuni linampa sefu za mamilioni kwa safari moja.

Kwa vyovyote, nywila kuu ndiyo inayoamua. Maneno matano au sita yasiyohusiana, uliyoyachagua kwa kurusha dadu na si kwa kufikiri, yanasimama hata sefu ikiwa mikononi mwa mwizi. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa havisimami, uwe umelipa dola 100 au dola 10.

Kuna mtego mwingine wa usajili ambao huwanasa watu walio makini. Ukiingia kwenye akaunti kutoka simu mpya, huduma inatuma msimbo kwenye barua pepe yako ili kuthibitisha ni wewe. Bitwarden ilianza kufanya hivyo mwaka 2025 kwa wasiowasha uthibitishaji wa hatua mbili. Sasa nywila ya barua pepe iko wapi? Ndani ya sefu. Simu imeibwa, sefu inataka barua pepe, barua pepe inataka sefu. Nywila ya barua pepe na misimbo ya dharura viandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mahali panapowekwa hati ya kiwanja. 1Password hukupa karatasi yao maalumu ya kuchapisha yenye ufunguo wa siri. Ichapishe kweli, usiiache kwenye mafaili yaliyopakuliwa.

Ukiwa si peke yako

Hapa mjadala kwangu ni mfupi: usajili unashinda. Chukua duka la nguo lenye wafanyakazi wanne. Kuna akaunti ya Instagram, akaunti ya mfumo wa kodi, barua pepe ya biashara, akaunti ya wakala wa mizigo wa Guangzhou. Leo nywila hizo ziko kwenye kikundi cha WhatsApp, zimepandishwa juu ili zisipotee. Akiondoka mfanyakazi mmoja kwa hasira, anaondoka nazo zote. Usajili wa kikundi unakuwezesha kumpa mtu nywila anazohitaji tu, kuona nani ameziona, na kumwondoa kwa kubofya, ingawa ulizokuwa umempa bado unatakiwa uzibadili. Kufanya hivyo kwa faili la KeePass lililo kwenye Google Drive inawezekana, lakini faili lina nywila kuu moja kwa wote; akiondoka mmoja inabidi ufunge upya kila kitu.

Familia nayo ni hivyohivyo, na gharama inagawanyika. Mpango wa familia wa 1Password ni wa watu watano, wa Bitwarden ni wa watu sita. Kwa bei ya miaka mingi ya Bitwarden, dola 40 kwa mwaka, kila mtu ilikuwa chini ya dola 7. Mkiwa wawili tu, mume na mke kwa mfano, Bitwarden ya bure inaruhusu watu wawili kugawana.

Na kuna suala la msiba, ambalo watu hawapendi kulitaja. Bitwarden Premium ina ufikiaji wa dharura: unamteua mtu, yeye anaomba, na usipokataa ndani ya siku ulizopanga anafunguliwa. Kaka mkubwa anayefuatilia mirathi anaweza kuingia kwenye akaunti za marehemu bila kubisha hodi kwa mafundi wa simu. Kwa leseni na faili la nyumbani unajipangia mwenyewe, bahasha iliyofungwa kwa mtu unayemwamini, na inatosha ikiwa utakumbuka kuibadili bahasha kila ubadilipo nywila kuu.

Njia ya tatu iliyo mezani siku zote

Kulinganisha leseni na usajili bila kutaja vya bure ni kumpeleka mtu dukani kununua maji wakati bomba linatoka.

KeePass iliandikwa na Dominik Reichl wa Ujerumani, na imekuwepo tangu 2003. Ni programu huria, haina leseni ya kununua wala usajili. Faili lake, lenye kiambishi kdbx, limeandikwa kwa muundo ulio wazi, na ndiyo sababu liko kwenye programu nyingi: KeePassXC kwenye Windows, Mac na Linux, KeePassDX na Keepass2Android kwenye Android, Strongbox na KeePassium kwenye iPhone. Mamia ya nywila bila viambatisho hayafikishi hata megabaiti moja, kwa hiyo kulituma faili kwenda na kurudi hakuli bando. Kero yake ni kulandanisha. Ukihariri kwenye simu bila mtandao, kisha ukahariri kwenye kompyuta, Drive inakuletea mafaili mawili yanayobishana. KeePassXC ina amri ya kuyaunganisha, lakini inabidi ujue kwamba tatizo lipo.

Hapo pia ndipo mahali pazuri pa kununulia leseni ya kudumu. Strongbox huuza toleo lake la kulipia kwa mwaka au kwa malipo ya mara moja. Ukinunua la mara moja na programu ikafa baada ya miaka minne, faili lako ni kdbx, unalifungua kesho yake kwenye programu nyingine. Leseni ya kudumu juu ya muundo ulio wazi haina mtego. Juu ya muundo ambao ni kampuni moja tu inaufungua, umenunua kufuli na ufunguo wa akiba amebaki nao fundi.

Bitwarden ya bure, nayo huria, inakupa nywila bila kikomo kwenye vifaa bila kikomo. Ila mpango wa bure wa kampuni yoyote ni hisani, na hisani huondolewa. LastPass Machi 2021 iliwaambia watumiaji wa bure wachague, ama kompyuta ama simu. Dashlane ilipunguza mpango wa bure ukafika nywila 25, na mwaka 2025 ikaufuta. Kile kilicho ndani ya simu, Meneja wa Nywila wa Google au Passwords ya Apple iliyokuja na iOS 18, kinamtosha mtu anayetumia simu moja na kivinjari kimoja, na ni bora mara mia kuliko daftari la nywila moja kwa kila kitu.

Jaribu kutoka kabla hujaingia

Ushauri wangu kwa anayetaka kulipia chochote kati ya hivi ni huu: wiki ya majaribio usiitumie kuangalia rangi na vitufe. Itumie kujaribu kutoka.

Weka nywila tano za akaunti zisizo na maana. Zima data, funga programu, ifungue tena. Kama haifunguki bila mtandao, isahau. Kisha nenda kwenye mipangilio utafute sehemu ya kuhamisha data. Utaletewa chaguo la CSV karibu kila mahali. Lifungue faili hilo kwa kihariri cha maandishi uone lilivyo: tovuti, jina, nywila, mkato, tovuti, jina, nywila, mkato, zote uchi, mstari kwa mstari, zimelala kwenye kabrasha la vilivyopakuliwa ambalo huenda simu inalipeleka yenyewe kwenye wingu. Siku ya kuhama kwa kweli faili hilo liishi dakika chache tu, halafu lifutwe hadi kwenye kapu la taka. Bora zaidi, angalia kama kuna njia isiyopitia CSV. Bitwarden inaweza kutoa faili lililosimbwa kwa nywila, na KeePassXC tangu toleo la 2.7.7 inasoma moja kwa moja mafaili ya Bitwarden na ya 1Password. Angalia pia kama misimbo ya uthibitishaji na maelezo ya pembeni yametoka pamoja na nywila, maana hivyo ndivyo huachwa njiani.

Ikitoka vizuri, uamuzi ni mwepesi. Uko peke yako, una mazoea ya kutunza nakala rudufu na hutaki kuikabili dola kila mwaka: KeePassXC bila kulipa, au leseni ya mara moja ya programu inayofungua kdbx kwenye iPhone. Enpass ikufae kama unapenda urahisi wake na tayari una Drive au iCloud unayoiamini, na uwe tayari kununua kitu kingine siku itakapozeeka. Una familia, ofisi, au mzazi ambaye simu yake wewe ndiye fundi: usajili, kwa kulipa kwa mwaka na si kwa mwezi ili kadi isumbuliwe mara moja. Huna uhakika: anza na Bitwarden ya bure, toa nakala iliyosimbwa kila baada ya miezi mitatu, iweke kwenye flashi. Kama utalipia, weka kikumbusho kwenye kalenda wiki mbili kabla ya siku ya kukatwa, uwe umewasha kadi na kutazama bei mpya.